MTOTO MWENYE HALI YA DOWN: TUMLISHEJE, NA TUMSAIDIEJE KUSEMA?

Katika ukurasa wetu wa afya mwezi huu tunapenda kuzungumza na familia zenye mtoto wa umri wa mwaka 1 hadi 3 aliyezaliwa na hali ya Down. Watoto hawa wamo katika parokia zetu, ila wengi wao hatuwaoni kwa sababu hufichwa nyumbani. Wazazi wanaowaleta kwetu hospitalini hutuuliza hasa maswali mawili: "Mbona hali kama wenzake?" na "Je, atasema?" Maswali haya mawili yanakwenda pamoja, kwa maana midomo, ulimi na taya zinazotafuna chakula ndizo hizo hizo zinazotamka maneno.

Hali ya Down ni nini?

Mwili wa binadamu umejengwa kwa chembe hai ndogo sana ziitwazo seli. Ndani ya seli kwa kawaida mna kromosomu 46, ambazo hubeba urithi tunaoupata kwa baba na mama. Karibu watoto wote wenye hali ya Down wana kromosomu 47, kwa kuwa ile ya namba 21 wanazo 3 badala ya 2. Hali hii ina jina la daktari Mwingereza, John Langdon Down, aliyeieleza mwaka 1866. Chanzo chake kilijulikana mwaka 1959, pale Mfaransa Jérôme Lejeune na wenzake walipotangaza habari za kromosomu hiyo ya ziada. Hutokea katika mataifa na makabila yote, takriban mtoto 1 kwa kila watoto 1000 wanaozaliwa.

Tunaomba jambo hili lieleweke vizuri, hasa kwa akina baba na akina bibi. Kromosomu ya ziada huingia mwanzoni kabisa, mimba inapotungwa. Mtoto hakubemendwa. Hakulogwa, na si adhabu kwa kosa la mtu yeyote. Ni kweli kwamba uwezekano huongezeka mama anapozidi miaka 35, lakini watoto wengi wenye hali hii huzaliwa na akina mama vijana, kwa vile hao ndio wanaozaa zaidi. Mama anayelaumiwa kila siku hukata tamaa, na mama akikata tamaa mtoto hukosa mtu wa kumlisha kwa uvumilivu.

Kwa nini kula ni kazi kwake?

Misuli ya mtoto huyu ni milegevu, pamoja na ile ya midomo, mashavu na ulimi. Tena kinywa chake ni kidogo, na kwa sababu hiyo ulimi huonekana mkubwa na hutokeza nje. Meno nayo huchelewa kuota. Wengine hupata jino la kwanza baada ya kutimiza mwaka mmoja, na mara nyingi hayafuati mpangilio tuliouzoea. Asichokozwe fizi kwa kutafutwa "meno ya plastiki", wala asikatwe kimio au ulimi kienyeji. Majeraha hayo huleta damu nyingi, uchafu kuingia mwilini, na hata kifo. Ulimi wake hauna ugonjwa. Unachohitaji ni mazoezi.

Hatari kubwa ni kupaliwa. Chakula au maji yakipita njia ya hewa badala ya njia ya chakula, huingia katika mapafu na kuleta nimonia. Baadhi ya watoto hawa hupaliwa kimya kimya, bila hata kukohoa. Tumewahi kumpokea mtoto wa miaka 2 aliyekuwa amelazwa mara 3 kwa nimonia. Tulipomwomba bibi yake atuonyeshe anavyomlisha, alimlaza chali mapajani, akamnywesha uji mwepesi kwa kiganja huku akimbana pua ili ameze haraka. Bibi huyo alimpenda sana mjukuu wake, na alikuwa akifanya kama alivyofanyiwa yeye. Tulimfundisha namna ya kumkalisha na kumlisha kwa kijiko, naye akashika vizuri kuliko wengi wetu.

Namna ya kumlisha

1. Mkalishe wima. Mgongo uegemee kitu, kichwa kiwe katikati, kidevu kielekee chini kidogo, na miguu ikanyage kitu. Kiti kidogo chenye mto, au beseni lililotandikwa kanga kuukuu, vinafaa. Asilishwe amelala, wala akilia, wala akisinzia.

2. Kaa mbele yake, macho yenu yawe usawa mmoja. Usisimame juu yake, kwa sababu atainua kidevu, na koo likinyooka hupaliwa kwa urahisi.

3. Tumia kijiko kidogo kisicho na shimo refu. Weka chakula kidogo, kandamiza kijiko polepole katikati ya ulimi, kisha subiri midomo yake ifunge na kukivuta chakula. Usikwangulie chakula kwenye fizi za juu, maana midomo haitajifunza kufanya kazi. Subiri ameze kabla ya kumpa kijiko kingine.

4. Mpe uji mzito, usiotiririka ukiinamisha kijiko. Uji mwepesi hukimbia kooni kabla hajajiandaa kumeza, na isitoshe hujaza tumbo kwa maji bila kumpa nguvu. Ongeza siagi ya karanga, maziwa, au kijiko cha chai cha mafuta ya kula.

5. Usimwache na vyakula vilivyopondwa miaka yote. Anza na vilaini, kama ndizi mbivu, parachichi, viazi na maboga. Kisha ponda kwa uma ukiacha vibonge vidogo. Halafu mpe vipande vilaini avishike mwenyewe: ndizi ya kupikwa, kiazi kitamu, yai la kuchemsha lililokatwa. Vipande vyembamba viweke pembeni mwa mdomo, kwenye fizi za nyuma, kulia na kushoto kwa zamu, ili ulimi ujifunze kwenda pande zote. Ugali laini wenye mlenda au mchuzi wa maharage yaliyopondwa humezeka vizuri. Dagaa wasagwe, na samaki atolewe miiba yote.

6. Mfundishe kikombe. Tumia kikombe kidogo kilicho wazi, mpe kinywaji kidogo kidogo, na kikombe kiguse mdomo wa chini. Chupa ya chuchu haifai. Ni vigumu kuisafisha, na humzoesha kusukuma ulimi mbele.

Mtoto wa mwaka 1 hadi 2 ale milo 3 hadi 4 kwa siku, pamoja na vitafunio mara 1 au 2, na aendelee kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Mlo usizidi nusu saa, maana akichoka hupaliwa. Kwa kuwa watoto hawa hufunga choo mara kwa mara, apate papai, mboga za majani na maji ya kutosha. Asipewe karanga nzima, bisi, pipi ngumu wala vipande vya muwa.

Mtoto aliyezidi mwaka 1 akikwamwa na chakula na bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, mwinamishe mbele umpige kwa kiganja kati ya mabega mara 5. Kisichotoka, simama nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu na umbonyeze kwa ndani na juu mara 5. Rudia kwa zamu mpaka kitoke, huku mwingine akitafuta usafiri wa kwenda hospitali. Usiingize kidole kooni kwa kubahatisha, maana utakisukuma ndani zaidi.

Je, atasema?

Wengi wao husema, ila huchelewa. Wengi hutamka maneno ya kwanza wakiwa na miaka 2 hadi 3, wengine mapema kidogo na wengine baadaye zaidi. Jambo la kukumbuka ni kwamba mtoto huyu huelewa mengi kuliko anavyoweza kutamka. Akisikia watu wakisema mbele yake "huyu hajui kitu", huenda ameelewa.

Kwanza kabisa, apimwe masikio. Watoto wengi wenye hali ya Down husikia kwa shida, mara nyingi kwa sababu ya majimaji yanayojikusanya nyuma ya ngoma ya sikio bila maumivu wala usaha. Asiyesikia vizuri hupata shida kujifunza kusema. Anaitwa mkaidi, kumbe hasikii. Hospitali za rufaa kama Bugando, KCMC na Muhimbili zina madaktari wa masikio. Upimaji urudiwe kadiri anavyokua, hata kama safari ya kwanza aliambiwa hana tatizo.

Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache nchini mwetu, lakini walimu wa kwanza wa lugha ni watu wa nyumbani. Haya yote yanawezekana bila fedha:

1. Zungumza naye unapofanya kazi. Ukimwogesha sema "maji", ukimvalisha sema "shati". Sentensi ziwe fupi, na uso wako uwe mahali anapouona. Watoto hawa hujifunza sana kwa macho.

2. Anza na maneno mepesi. Lugha yetu inatusaidia: mama, baba, bibi, dada, kaka. Silabi zinajirudia, na herufi za m na b hutamkwa kwa midomo anayoiona. Sauti za wanyama nazo humfurahisha: mbuzi mee, paka nyau.

3. Tumia ishara pamoja na neno. Mkono mdomoni kwa "kula", kiganja kama kikombe kwa "maji", mikono mitupu kwa "kwisha", kupunga kwa "kwaheri". Wazazi wengine huogopa kwamba atazoea ishara asiseme. Sivyo. Ishara ni daraja la kwendea maneno, na humpunguzia hasira ya kutoeleweka. Watu wote wa nyumbani watumie ishara zile zile.

4. Uliza, kisha ngoja. Shika ndizi na maji, uliza "Unataka ndizi au maji?" Hesabu kimyakimya hadi 10. Yeye huhitaji muda mrefu zaidi kuandaa jibu. Ukimjibia wewe, au kaka zake wakimkimbilia kila anapoguna, hatajaribu.

5. Akisema "ma" kwa maji, usimcheke wala usimkaripie. Mpe maji huku ukisema vizuri, "Maji. Maji baridi."

6. Mwimbie, na muimbe pamoja. Wimbo wenye kupiga makofi humsaidia kushika maneno.

Kama nyumbani mnatumia lugha ya kabila, endeleeni nayo. Mtoto mwenye hali ya Down anaweza kujifunza lugha mbili.

Lini aletwe hospitali?

Kila mtoto mwenye hali hii apimwe moyo, kwa kuwa karibu nusu yao huzaliwa na kasoro ya moyo, na nyingi zinatibika zikijulikana mapema. Tangu mwaka 2015 Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, hutoa matibabu hayo. Apimwe pia damu kuangalia tezi ya shingo. Tezi ikifanya kazi kwa uvivu, mtoto hulegea zaidi na kuchelewa zaidi, na dawa zake zipo.

Mlete bila kungoja ukiona anatoka jasho au kuchoka sana anapokula, midomo inakuwa ya bluu, anapumua haraka, sauti yake inakuwa ya majimaji baada ya kula, anapata nimonia tena na tena, au uzito kwenye kadi ya kliniki hauongezeki. Ni kweli kwamba watoto hawa huwa wafupi kuliko wenzao, lakini kukonda si sehemu ya hali ya Down. Kukonda ni njaa au ugonjwa, na vyote viwili vina msaada.

Mwisho, tunawaomba majirani na wanajumuiya. Mkiingia nyumba yenye mtoto kama huyu, msimpite kumsalimu mama peke yake. Inameni, mwangalieni usoni, mwiteni kwa jina lake, kisha ngojeni kidogo awajibu. Siku ya kwanza atawatazama tu. Mkirudi mara nyingi, mkono utapunga, na baadaye sauti itafuata.