Je, Wajua? Gemu Nayo Haisahau

Katika gemu ya kompyuta iitwayo Ultima IV, iliyotoka mwaka 1985, yupo muuza dawa kipofu. Ukishachagua viungo vya uganga unavyovitaka, hukutajia bei, kisha hukuachia mwenyewe uandike idadi ya sarafu unazotoa. Tuseme unadaiwa 40, ukaandika 1. Mzigo unapewa, hakuna askari anayekuja wala sauti inayokukemea. Lakini chini kwa chini kompyuta imeshapunguza alama zako za uaminifu, na alama hizo huzioni popote kwenye kioo. Mtunzi wake, Richard Garriott, alikusudia hivyo, kwani lengo la gemu hiyo si kuua adui mkuu bali kuwa mtu aliyekamilika katika maadili manane, na uaminifu ni mojawapo. Aliyezoea kumpunja kipofu hufika mbali katika safari yake, ndipo hujikuta hastahili daraja analolitafuta.

Hapo ndipo ilipo siri ya gemu za aina hii, ambazo mchezaji huvaa uhusika wa shujaa katika dunia ya kubuni yenye uchawi na mazimwi. Matangazo hupenda kujisifia wingi wa miisho, kana kwamba gemu yenye miisho 30 ina uhuru mara tatu ya ile yenye 10. Hesabu inakataa. Uamuzi mmoja wenye njia mbili huzaa hadithi mbili. Maamuzi 10 ya namna hiyo huzaa 1,024, na maamuzi 20 huzaa 1,048,576. Hakuna kampuni inayoweza kuandika, kuchora na kurekodi sauti za hadithi milioni moja. Kwa hiyo watengenezaji huacha njia zigawanyike kwa muda, kisha huziunganisha tena, na kinachobaki ni kumbukumbu: tarakimu ndogo ndani ya faili la mchezo, 0 kama hukulitenda jambo, 1 kama ulilitenda. Uzito wa uamuzi basi hautoki kwenye idadi ya njia. Unatoka kwenye wakati ambapo gemu itaifukua tarakimu ile na kukudai.

Kampuni ya CD Projekt Red ya Poland ililijua hilo ilipotoa The Witcher mwaka 2007, gemu iliyotokana na vitabu vya Andrzej Sapkowski. Mchezaji ni Geralt, mwindaji wa mazimwi kwa malipo. Katika sura ya kwanza anapewa kibarua cha kulinda makasha ya mfanyabiashara usiku, kando ya maji. Wanatokea wapiganaji waasi wanaodai mzigo ni wao. Akiwaachia, usiku unapita bila damu kumwagika kati yao, na kazi inaonekana imekwisha. Katika sura ya pili, muuza dawa za kulevya ambaye Geralt anamhitaji katika upelelezi wake anauawa na waasi walewale, na gemu inamkumbusha mchezaji kwamba ni yeye aliyewapa makasha. Majuto ni mjukuu.

Mtu atasema: kwani shida iko wapi, si mchezaji hurudia tu pale alipohifadhi mchezo, akachagua vingine? Kweli, jibu likija papo hapo, kurudi nyuma ni kazi ya dakika moja, na uamuzi hugeuka kuwa jaribio la kubahatisha. Dawa yake ni kuchelewesha. Matokeo yakija baada ya saa nyingi za kucheza, anayetaka kufuta kosa lake lazima afute pamoja nalo kila alichokipata tangu siku ile. Gharama hiyo ndiyo humfanya akubali kuishi na alichokitenda.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba yote haya ni kiini macho: njia zikiungana, uchaguzi ulikuwa wa nini? Lina ukweli ndani yake. The Witcher 2 ya mwaka 2011 ilijaribu kulijibu kwa gharama kubwa: anayemfuata mhusika aitwaye Roche na anayemfuata mpinzani wake, Iorveth, hupelekwa katika kambi tofauti kwa sura nzima, na aliyecheza mara moja haioni kazi iliyofanywa upande wa pili. Gharama hiyo haibebeki katika kila uamuzi. Lakini The Witcher 3 ya mwaka 2015 inaonyesha kwamba si lazima. Geralt anakuta roho iliyofungwa chini ya mti. Akiifungua, watoto yatima wanaokoka, lakini kijiji jirani kinaangamizwa, mke wa mtawala wa eneo lile anakufa na mumewe anajinyonga. Akiiua, mke anabaki hai akiwa amerukwa na akili, mumewe anampeleka kutafuta mganga, na watoto wanapotea. Safari kuu ya Geralt, ya kumtafuta msichana aitwaye Ciri, inaendelea vilevile kwa kila hali. Kilichobadilika si barabara bali mzigo alioubeba mpita njia.

Yapo masharti, hata hivyo. Matokeo yasiyo na uhusiano wowote na tendo ni bahati nasibu, na mchezaji ana haki ya kuyalalamikia. Ya haki ni yale ambayo akitazama nyuma anakiri kwamba dalili zilikuwepo: waliochukua makasha walikuwa wapiganaji, na wapiganaji huua. Kwa hiyo, ukiisikia gemu ikijitapa kwa miisho yake, usiulize iko mingapi. Uliza kama inakumbuka, na kama inapokudai, deni ni lako kweli.