Mpira wa Vinyoya na Ukakamavu wa Watoto wa Kator

Tarehe 20 Februari mwaka 2025 Serikali ya Sudan Kusini ilizifunga shule zote nchini kwa muda wa majuma mawili kwa sababu ya joto. Naibu Waziri wa Elimu alieleza kwamba katika jiji la Juba wanafunzi wapatao 12, kwa wastani, walikuwa wakizirai kila siku. Hatua ya namna hiyo ilikuwa imechukuliwa pia mwezi Machi mwaka 2024, joto lilipotazamiwa kufikia nyuzi 45. Kwa askari ambaye watoto wake wanasoma Kator, habari hizo huzusha swali lisilo dogo: je, katika hali kama hiyo somo la elimu ya viungo lifundishwe namna gani?

Jibu jepesi ni kulifuta somo lenyewe. Jibu hilo ni baya, kwani Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 kwamba mtoto wa umri wa miaka 5 hadi 17 aushughulishe mwili wake kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Jibu la pili, ambalo huwapendeza baadhi ya watu waliopitia kambini, ni kuwakimbiza watoto kuzunguka uwanja mpaka wahemewe, kwa imani kwamba ukakamavu hauji ila kwa mateso. Lakini kuruta ni mtu mzima aliyepimwa na daktari, ana viatu miguuni, na mkufunzi wake anajua saa ya kumpumzisha. Mtoto wa darasa la tano huenda ametoka nyumbani bila hata kunywa chai. Mbio za kuzunguka uwanja humgeukia adhabu, na anachojifunza ni kulichukia somo.

Upo mchezo unaoweza kuondoa ugumu huo, nao ni mpira wa vinyoya, ujulikanao duniani kwa jina la badminton. Wanajeshi hawana sababu ya kuudharau kuwa ni mchezo wa mabwana wa mjini. Katika miaka ya 1860 na 1870 maofisa wa jeshi la Uingereza waliokuwa Poona, nchini India, waliucheza na kuutungia kanuni za mwanzo. Mwaka 1992, mjini Barcelona, ukaingizwa rasmi katika Michezo ya Olimpiki. Jirani wa Juba kwa njia ya Nimule, yaani Uganda, amekwisha kufika mbali: timu yake ya wanawake ilishiriki fainali za Kombe la Uber mjini Chengdu, China, mwaka 2024.

Faida ya kwanza ni nafasi. Uwanja wa vinyoya una urefu wa meta 13.40 na upana wa meta 6.10 tu. Uwanja mmoja wa kandanda wa kawaida ungeweza kumeza zaidi ya viwanja 80 vya namna hiyo, kama vingepangwa bila mwanya kati yao. Hata wavu si lazima. Kamba ya meta 30, iliyofungwa kati ya miti miwili kwa kimo cha kama meta moja na nusu, hutosha jozi 10 za watoto, kila jozi ikipewa meta tatu. Basi darasa la watoto 60 lenye raketi 10 laweza kugawanywa makundi matatu. Kundi la kwanza liko kambani, mmoja akitupa kinyoya kwa mkono na mwenzake akipiga. La pili huokota na kuhesabu. La tatu limekaa kivulini na kunywa maji. Kila baada ya dakika nne makundi hubadilishana. Katika mpango huo mapumziko yamo ndani ya somo lenyewe, wala hayangoji huruma ya mwalimu, na hapo ndipo mchezo huu unapozishinda mbio za kuzunguka uwanja.

Mafundisho huanza bila raketi. Mtoto hutupa kinyoya juu ya kamba kwa mwendo uleule wa mkono anaoutumia kurusha jiwe kufukuza ndege katika shamba la mtama, kwani pigo la juu la mchezo huu hutokana na mwendo huo. Kisha hushika raketi kama anayempa mgeni mkono, vidole vikiwa vimelegea. Kosa la kawaida ni kuikamata kama mpini wa kikaango, na kosa hilo likizoeleka huwa kazi kubwa kuliondoa. Baadaye hufuata miguu: hatua ndefu mbele kwa mguu wa upande wa raketi, kisigino kikitangulia, goti likielekea kule vinakoelekea vidole, kisha kurudi katikati upesi. Askari aliyefundishwa kukimbia kutoka kizuizi kimoja hadi kingine atalitambua zoezi hilo mara moja. Ni nguvu nyingi za sekunde chache, halafu pumzi. Mtoto huyafanya hayo mara nyingi bila kuhesabu, kwa kuwa macho yake yako kwenye kinyoya.

Upepo ni tatizo la kweli. Kinyoya cha kawaida hakifiki gramu sita, na nje ya jengo hupeperushwa ovyo. Ndiyo sababu mwaka 2019 Shirikisho la Dunia la mchezo huo lilitoa kinyoya cha pekee cha kuchezea nje. Shule isiyokipata haina budi kucheza asubuhi mapema, kabla ya upepo kuanza, na wakati huo jua nalo halijawa kali.

Kwa hiyo jambo la kuamuliwa Kator ni saa ya somo, kuliko bei ya raketi. Ratiba hutungwa na mwalimu mkuu, lakini askari aliye mzazi anayo nafasi ya kusema katika mkutano wa wazazi, na mikutano hiyo yaweza kufanyika kabla ya Februari nyingine kufika.