Miguu ya Mtoto Ikiwa Baridi

Twajua nyumba ambamo mtoto alizaliwa mzima, akalia kwa nguvu, akanyonya. Siku ya tano akakataa ziwa, akahema upesi, akafa kabla ya jua kuchwa. Majirani wakanong'ona habari za uchawi. Pengine, wala hatusemi kila mara, kilichomwua ni mshipa mmoja tu wenye kasoro.

Mshipa mkuu wa damu, ambao madaktari huuita aota, hutoka moyoni na kuugawia mwili wote damu. Kwa watoto wengine huzaliwa umebanwa mahali pamoja, kama shingo ya kibuyu. Tumboni mwa mama hakuna hatari, maana mtoto hapumui bado, na uko mfereji mdogo upitishao damu kando ya mapafu hadi katika aota. Akiisha kuzaliwa, mfereji huo hujifunga katika siku chache. Hapo damu iendayo chini hukwama: miguu hupoa, mkojo hupungua, moyo huchoka kwa kusukuma. Ndiyo sababu mama huaga kituo cha afya kwa furaha, na msiba humkuta nyumbani.

Mkunga aweza kuutambua ugonjwa huu kwa vidole vyake. Aguse kinena cha mtoto panapopiga damu, kisha mkono wa kulia. Mkono ukipiga kwa nguvu na kinena kikiwa kimya, mtoto asingoje kesho.

Mwaka 1944, mjini Stockholm, daktari Clarence Crafoord alimpasua mvulana wa miaka 12, akaondoa kipande kilichobanwa, akashona ncha mbili pamoja. Leo kazi hiyo hufanywa hata kwa mtoto wa siku chache, kwa kupitia kati ya mbavu za kushoto. Tangu miaka ya 1970 iko pia dawa, prostaglandini, itiwayo mshipani polepole ili mfereji ukae wazi mpaka saa ya kupasuliwa.

Komanda hakuna mpasuaji wa moyo. Bunia ni safari ya kilomita 75 hivi, na watu waliozika ndugu zao waliouawa katika mkesha wa sala, Julai 2025, hawahitaji kuelezwa hatari za njia. Ng'ambo ya mpaka, Kampala, iko Taasisi ya Moyo ya Uganda. Mtoto akiwa katika hatari ya kufa, yeyote aweza kumbatiza kwa maji kabla ya gari kuondoka. Lakini ubatizo huo usiwe sababu ya kuiacha safari.

Naye aliyepona apimwe nguvu ya damu kila mwaka, mkononi na mguuni, maana mshipa huweza kubana tena.