Kisanduku Kinachoita Msaada Baharini



Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, na mamia ya watu wakafariki. Allah awarehemu. Je, chombo kinapozama usiku, nani atajua kiko wapi?

Kwa ajili hiyo kipo kisanduku kiitwacho EPIRB. Ni redio ndogo inayoelea. Haipeleki sauti ya mtu, bali hutuma ishara kwa mawimbi ya megahezi 406. Ishara hupokelewa na setilaiti za mpango wa Cospas-Sarsat, ulioanzishwa na Kanada, Ufaransa, Marekani na Muungano wa Kisovieti wa wakati ule. Setilaiti ya kwanza ilirushwa mwaka 1982. Habari hushuka hadi kituo cha ardhini, kisha hufikishwa kwa waokoaji. Kwetu Afrika Mashariki, kituo cha kanda cha kuratibu uokoaji kilifunguliwa Mombasa mwaka 2006.

Kisanduku huwashwa kwa mkono. Vipo pia vinavyojifungua vyenyewe: meli ikizama, mgandamizo wa maji hukifyatua kabla hakijapita kina cha mita 4, kikaibuka juu na kuanza kuita. Betri yake hudumu angalau saa 48.

Lakini kuwa nacho tu hakutoshi. Mambo matatu yazingatiwe:

1. Kisajiliwe. Kila kisanduku kina namba yake. Kisiposajiliwa, waokoaji hawajui ni chombo gani wala wampigie simu nani. Chombo kikiuzwa, usajili ubadilishwe.

2. Kikaguliwe. Betri ina tarehe ya mwisho. Na vile vya zamani vya megahezi 121.5 visinunuliwe kwa kuwa ni rahisi. Tangu tarehe 1 Februari 2009 setilaiti hazivisikilizi tena.

3. Kisichezewe. Ishara nyingi zinazopokelewa si za hatari ya kweli. Waokoaji wakihangaika bure, anayezama kweli huchelewa kufikiwa. Kikiwaka kwa bahati mbaya, usione haya: kizime na utoe taarifa mara moja.

Wanafunzi wetu, Mtume (S.A.W.) alimfundisha mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Allah. Baba au mjomba akienda baharini, muulizeni kwa adabu: kisanduku kipo, na kimesajiliwa?

Wabillahi tawfiq.