Nywele za Kisumu

Dawa ya doksisaiklini ikishaingia katika damu, kiwango chake hupungua nusu kwa saa 18 hadi 22 hivi. Bakteria wa kaswende naye ni mzito wa kuzaana. Huhitaji zaidi ya saa 30 kujigawa mara moja. Kwa hiyo mtu anaweza kumuwahi hata baada ya tendo: miligramu 200 kwa mkupuo mmoja, ndani ya saa 72 tangu kujamiiana bila kondomu.

Hiyo si ratiba pekee iliyojaribiwa. Mwaka 2015 yalitoka matokeo ya jaribio dogo la Los Angeles, la wanaume 30, ambapo dozi ilikuwa miligramu 100 kila siku. Ya baada ya tendo ndiyo iliyovuma, hasa mwaka 2023, pale watafiti wa San Francisco na Seattle walipoona maambukizi ya zinaa yakipungua kwa takribani theluthi mbili miongoni mwa wanaume wanaojamiiana na wanaume na wanawake waliobadili jinsia.

Kisumu, nchini Kenya, ikaja na jibu jingine. Wanawake 449 wa miaka 18 hadi 30, wote wakitumia dawa za kujikinga na VVU, walifuatiliwa mwaka mzima. Waliopewa doksisaiklini ya kumeza baada ya tendo walipata maambukizi 50, wasiopewa, 59. Kitakwimu, hakuna tofauti.

Ni rahisi kusema dawa hii haiwafai wanawake. Mimi nakataa, na ushahidi wangu ni nywele. Unywele unapokua hubeba chembe za dawa iliyomezwa, nao hausahau wala hauoni haya mbele ya daktari. Kati ya sampuli 200 za nywele za wanawake 50 waliopewa dawa, ni 58 tu zilizokutwa nayo. Hatuwezi kuihukumu ratiba ambayo wengi hawakuifuata. La kuchunguza ni kilichowazuia: kichefuchefu, woga wa kuonekana na chupa ya vidonge nyumbani, au kukosa faragha katika hizo saa 72?

Kwa kisonono sina matumaini hayo. Vimelea vyake vilivyopimwa Kisumu vyote vilikuwa sugu kwa tetrasaiklini, ukoo wa dawa hii, na anayejinunulia vidonge dukani kwa kubahatisha anauongeza usugu huo. Lakini maambukizi 85 kati ya yale 109 yalikuwa klamidia, ambayo haikuonyesha usugu. Kwa ajili yake natamani jaribio lirudiwe, safari hii wanawake wenyewe wakishiriki kupanga saa ya kumeza.