Sakitu Hutuama Bondeni

Mwezi wa Julai, ukishuka alfajiri kwenye kinyungu, yaani bustani ya bondeni, huko Mufindi, unaweza kuyakuta majani ya viazi yamepakwa weupe unaometa kama chumvi. Ukiyagusa yanakatika. Ikifika saa nne yamekuwa meusi, yamelegea kama mboga iliyochemshwa. Hatua chache juu ya mteremko, viazi vya jirani ni kijani kama jana. Watu husema jirani ana bahati, kumbe mteremko ndio uliomwokoa.

Usiku wa kipupwe, anga likiwa safi na upepo umetulia, ardhi hupoteza joto lake kwenda juu, wala hakuna wingu la kulirudisha. Hewa inayogusa ardhi hupoa. Hewa baridi ni nzito kuliko ya joto, hivyo huteremka taratibu na kutuama bondeni kama maji. Ndiyo maana kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa, kinachofungwa takribani mita moja na nusu juu ya ardhi, kinaweza kusoma nyuzijoto 2 huku majani ya chini yakiganda. Na vinyungu, bustani zinazowalisha watu wa Iringa wakati wa kiangazi, vimelimwa palepale baridi inapotuama.

Basi ipe hewa hiyo njia. Ua mnene wa miti au matete upande wa chini wa bustani huizuia kama boma la bwawa, fungua upenyo. Ua wa upande wa juu uache, maana unaigeuza baridi kabla haijaingia.

Ipo imani kwamba moshi huifunika bustani. Mimi sishauri. Chembe za moshi hazizuii joto la ardhi kupotea, na anayeuvuta moshi huo ni wewe na watoto wako. Jambo linalowashangaza wakulima wengi ni matandazo. Nyasi zilizotandazwa kati ya mistari hulifungia joto la mchana chini, mmea ukabaki juu bila kitu. Siku mbili tatu za hatari zikikaribia, zisogeze nyasi hizo pembeni na umwagilie asubuhi: udongo wenye unyevu hunywa joto la jua vizuri kuliko udongo mkavu, na usiku hulitoa polepole. Kisha, kabla jua halijazama, funika miche kwa gunia au nyasi juu ya vijiti, zifike mpaka chini. Nailoni isiguse majani, kwa sababu panapogusa ndipo panapoungua. Asubuhi funua.

Mparachichi mchanga unahitaji ulinzi huo. Hata mshubiri wa kwenye kopo, kwa kuwa umejaa maji, huganda ukaoza, uingize ndani. Tawi likiungua usikimbilie kisu, subiri machipukizi yakuonyeshe palipo hai. Pareto haina shida kubwa, tena yenyewe inahitaji baridi ili itoe maua, na kwenye nyanda za Makete baridi ipo ya kutosha.

Mabomba nayo. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9, na bomba la plastiki lililolazwa juu ya majani halina pa kuyapeleka. Hupasuka usiku, lakini utaona maji yakichuruzika barafu ikishayeyuka. Huku kwetu ardhi yenyewe haigandi kwenda chini kama Ulaya. Kulifukia bomba, mtaro wa kufika magotini unatosha. Kipande kinachochomoza kwenda kwenye koki kivishe gunia kavu, kisha nailoni juu yake ili gunia lisilowe. Usiku wa baridi kali acha koki idondoshe matone. Ukikuta bomba limeganda, fungua koki kwanza, halafu mwagia maji ya uvuguvugu. Maji yanayochemka huweza kulipasua.

Mtaro huo uchimbwe Mei, udongo ukiwa bado laini kwa mvua za masika.