Puto Juu ya Kaze
(Sehemu ya Pili)

Tangu sehemu ya kwanza itoke, wasomaji wa Tabora, Nzega na Urambo wamekuwa wakibishana, nami nimewasikiliza kwa furaha. Kundi moja linapenda vitabu vya vita: nani alimzunguka nani, nani aliishiwa baruti. Kundi jingine, wengi wao vijana wa sekondari, linapenda riwaya za kisayansi zenye vyombo vinavyoruka. Wa vita wanasema wenzao wanasoma uongo. Wa sayansi wanajibu kwamba wenzao wanasoma habari za maiti. Tabora imo katika vitabu vya aina zote mbili, na mimi naona vinapimika kwa swali moja: mwandishi amemtazamaje mtu anayetembea kwa miguu chini?

Tuanze na huo unaoitwa uongo. Mwaka 1863 Mfaransa Jules Verne alitoa riwaya yake ya kwanza kuchapishwa, safari ya wiki tano ndani ya puto. Daktari Fergusson, rafiki yake mwindaji Kennedy na mtumishi wao Joe wanapaa kutoka Unguja mwezi wa Aprili 1862, wakikusudia kuikata Afrika mpaka magharibi. Puto limejazwa haidrojeni. Daktari akiipasha moto, gesi inapanuka na chombo kinapanda. Akiiacha ipoe, kinashuka. Hivyo anaweza kutafuta upepo unaomfaa katika kimo hiki au kile bila kupoteza gesi. Verne analieleza jambo hilo kwa subira ya fundi, na sishangai kwamba kijana anayesoma fizikia anavutiwa nalo.

Siku chache baadaye wanatia nanga Kaze, makazi ya wafanyabiashara ambayo leo yamo ndani ya Tabora. Verne aliyapata mahali hapa katika habari za wapelelezi Waingereza Burton na Speke, waliofika Kaze tarehe 7 Novemba 1857 baada ya siku 134 tangu watoke pwani. Katika riwaya, watu wa Kaze wanaliona puto na kudhani ni mwezi umeshuka, kwa kuwa Unyamwezi ni nchi ya mwezi. Na wale wageni ni wana wake. Daktari anapelekwa kwenye tembe kumtibu sultani aliyemalizwa na pombe. Mara mwezi wenyewe unachomoza, watu wanang'amua kwamba wamedanganywa, na wageni wanakimbilia puto lao kuokoa roho.

Gesi ile naiamini. Watu wale siwaamini hata kidogo.

Kaze ya kweli ya miaka ileile ilikuwa vitani. Mtemi Manwa Sere alitaka bidhaa zinazoingia Unyanyembe zilipiwe ushuru. Wafanyabiashara Waarabu wakakataa, wakamwondoa, wakamsimika Mkasiwa mahali pake. Speke alipopita tena mwaka 1861 alikwama hapo, maana wapagazi hawakupatikana kwa sababu ya vita hivyo. Wanyamwezi walikuwa wamekwisha kupeleka pembe pwani kwa misafara yao wenyewe kabla Waarabu hawajajenga Kaze. Mpagazi aliyejitwika frasila mbili kutoka Bagamoyo, anayejua bei ya vitambaa vya merikani na kaniki, anayegoma njiani mpaka posho yake itolewe, hawezi kupigia magoti kitambaa kilichojaa hewa. Verne alijishughulisha sana na chombo, akawapuuza watu waliokuwa chini yake. Hapo ndipo riwaya yake inapopwaya, na kasoro hiyo ni ya uandishi kabla haijawa ya kitu kingine chochote.

Je, vitabu vya vita vimefanya vizuri zaidi? Wapenzi wake wengi wananitajia Stanley, aliyefika hapa mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, akajiunga na Waarabu kumpiga Mirambo, mtemi wa Kinyamwezi. Mwezi wa Agosti jeshi lao liliteka Zimbizo, kisha sehemu yake ikaenda kijiji cha Wilyankuru. Mirambo hakung'ang'ania kijiji. Alitoka na watu wake, akawaacha adui waingie, wapore, wajitwike pembe na mateka. Kisha wapiganaji wake, ruga-ruga, wakalala katika majani marefu, huku na huku ya njia ya kurudia. Mtu mwenye pembe begani hawezi kuwahi gobori lake. Walipoinuka majanini, waliokuwa washindi asubuhi waliangamizwa. Baadaye, tarehe 22 Agosti, Mirambo aliiingia Tabora yenyewe.

Mbinu ile inastahili kusomwa chuoni. Lakini Stanley anamwita Mirambo mnyang'anyi, wakati ugomvi ulikuwa juu ya njia ya Ujiji na nani ana haki ya kutoza hongo kwa misafara. Na wale waliokufa wakiwa wamejitwika mali ya mabwana zao wanapita kurasani bila majina.

Vita vya 1916 navyo viko hivyohivyo. Jeshi la Wabelgiji chini ya Jenerali Tombeur, ambalo askari wake wengi walikuwa Wakongo, lilimsukuma Jenerali Wahle wa Wajerumani mpaka Tabora ikaangukia mikononi mwao tarehe 19 Septemba. Reli ya Kati ilikuwa imefika hapa tangu 1912, lakini mbali na reli kila sanduku la risasi lilikwenda kichwani mwa mtu. Hesabu inayotajwa sana kwa upande wa Waingereza peke yao ni wapagazi 95,000 waliokufa, wengi kwa maradhi na njaa. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Wajerumani huku, alitoa kumbukumbu zake mwaka 1920. Anayetaka kujua mapigano yalivyokwenda atafaidika nazo. Anayemtafuta mpagazi atamkuta ni mzigo mwingine katika hesabu ya mizigo.

Kuna mahali pamoja ambapo hoja za makundi yote mawili zinakutana. Tarehe 21 Novemba 1917, miaka 54 baada ya riwaya ya Verne, chombo kikubwa cha angani cha Wajerumani, L 59, kilipaa kutoka Jamboli, Bulgaria, na tani zipatazo 15 za risasi na dawa kwa ajili ya huyo Lettow. Kilikuwa kimejazwa haidrojeni. Hakikukusudiwa kurudi: kitambaa chake kingeshonwa mahema na nguo, na mifupa yake kujengwa mlingoti wa simu ya upepo. Kilipofika Sudan kikaamriwa kugeuza. Tarehe 25 kilitua Jamboli baada ya saa 95 angani, na siku hiyohiyo Lettow alikuwa anavuka Ruvuma kwa miguu, wapagazi nyuma yake.

Kwa vijana wa riwaya za kisayansi ninacho kitabu cha Kiswahili: Walenisi cha Katama Mkangi, kilichotoka 1995. Dzombo, mtu aliyehukumiwa kufa, anatiwa ndani ya chombo cha angani ili kimwangamize, naye anajifunza kukiendesha mpaka anafika nchi nyingine kabisa. Aliyekuwa chini ndiye rubani. Verne hakuweza kufikiri hivyo.

Kwa wa vita, someni maisha ya mfanyabiashara Tippu Tip aliyoyaeleza mwenyewe kwa Kiswahili, yakachapishwa na Mjerumani Brode mwanzoni mwa karne ya 20. Baba yake, Muhammad bin Juma, alikaa Ituru, karibu na Tabora, na kumwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Kwa hiyo vita vya Manwa Sere anavisimulia kama mambo ya nyumbani. Hawaonei haya hata wapagazi wa Kizaramo waliomtoroka: anaeleza waziwazi jinsi alivyorudi kuwakamata na kuwafunga. Ni ukurasa unaochoma, lakini humo mpagazi anaonekana, na kutoroka kwake kunabadilisha mwendo wa safari nzima. Juma lijalo tutaanzia hapo Ituru.